Raba umeziandika, supu hukuiandika

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 38 na kilo 70, naishi Gungu, Kigoma. Januari mwaka huu niliacha pombe nikaanza kukimbia, nikijua huu ndio mchezo wa bure: barabara ya serikali, miguu ya kwangu. Sasa ni Septemba, nimefika kilomita 40 kwa wiki. Siku za kazi natoka saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi tunakimbia na klabu yetu ya jogging. Mke wangu anaweka daftari la matumizi, na juzi amenionyesha kuwa ile hela tuliyotarajia ibaki baada ya kuacha bia haipo. Nimeandika gharama zangu zote: raba za mtumba pea mbili, shilingi 90,000, na fulana ya klabu, 20,000. Jumla 110,000 kwa miezi minane. Hiyo haifiki hata bia za miezi miwili! Hela inapotelea wapi? Malaria imenilaza mara mbili tangu Machi, lakini hiyo huku ni ya kila mtu. Kisigino cha kushoto nacho kinachoma nikishuka kitandani, kama nimekanyaga msumari. Na mwezi wa pili wenzangu wanataka twende marathoni ya Moshi. Niendelee au niache? Mke wangu anakusalimu. Siku hizi hata kwaya ya Jumamosi ameiacha, hana wa kumwachia watoto."

Marahaba, mwalimu. Salamu za mama watoto nimezipokea, nitazirudia.

Kwanza, usibishane na daftari. Nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, Tabora na Kigoma kwa zaidi ya miaka ishirini, mwenyewe nakimbia, na bado sijakutana na mkimbiaji anayeandika gharama zake sawasawa. Tunaandika tulichokwenda kukinunua kwa makusudi. Kile kinachotoka mfukoni jasho likiwa bado linatiririka, hakuna anayekiandika.

Tuanze na raba, maana umeziandika mwenyewe na hapo huna kosa kubwa. Kilomita 40 kwa wiki ni kama 170 kwa mwezi. Raba nzuri ya kukimbilia huchukua kilomita 500 hadi 800, kisha lile povu la katikati ya soli linashikana na kupoteza mnepo, hata kama juu kiatu bado kinang'aa. Pea ya 45,000 ikikufikisha kilomita 500, kila kilomita umeilipia shilingi 90. Pea mpya ya 180,000 ikikufikisha 700, kila kilomita ni shilingi 257. Kwa hesabu hiyo mtumba umeshinda. Lakini mtumba uliobakiwa na kilomita 200 tu unakugharimu shilingi 225 kwa kilomita, karibu sawa na raba mpya, na juu yake unakuuzia kisigino.

Kwa hiyo ukienda sokoni Mwanga usiangalie rangi wala jina lililoandikwa ubavuni. Bonyeza povu kwa kidole gumba. Likiwa gumu, au lina mikunjo midogo iliyojipanga kama paji la uso la mzee, hilo limekufa. Weka kiatu juu ya ubao ulionyooka, ukitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kikiegemea upande, ujue mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na sasa anakukabidhi wewe. Kikunje: kinatakiwa kukunjika kwenye vidole, si katikati ya unyayo. Usafi usikudanganye, wauzaji wetu wanaijua kazi ya brashi na sabuni kuliko mimi na wewe. Na akitokea mtu wa kukuambia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, mwambie ni kweli kabisa, ila Bikila hakuanza kukimbia akiwa na miaka 38 baada ya kusimama darasani na viatu vya ngozi maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye supu.

Hukuitaja, lakini naifahamu klabu ya jogging. Jumamosi mnakutana saa kumi na mbili, nyimbo, filimbi, mnazunguka Mwanga mpaka njia ya Ujiji na kurudi, na mwisho wa safari ni kibandani. Supu, chapati mbili, soda. Tuseme 6,000, na nimekadiria kwa kukuhurumia. Tangu Januari zimepita Jumamosi kama 35. Hiyo ni shilingi 210,000, karibu mara mbili ya orodha yako nzima. Hapo sijagusa Jumamosi uliyomlipia mwenzako, wala ile uliyolipiwa ukabaki unajiona una deni.

Utaniambia mwili unahitaji kurudisha nguvu. Sawa, tupige hesabu yake pia, wewe ni mwalimu. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kilokalori, na mtu akikimbia hutumia takriban moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Wewe kilo 70, kilomita kumi, ni kilokalori 700. Chapati mbili za kibandani zinaweza kufika 600 peke yake, soda ndogo 150, na supu yenye mafuta bado haijaingia. Umeondoka pale umekula zaidi ya ulichokimbia, ndiyo maana wengi wanakimbia mwaka mzima na tumbo halijasogea. Na ukichukua mwezi mzima, kilomita zako 170, unapata kilokalori kama 12,000. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kama 3,600. Maana yake mbio zako zote za mwezi zinadai kilo tatu na kidogo za unga. Hata unga ukifika 2,000 kwa kilo, hiyo haizidi shilingi elfu saba. Ongeza maharage, ongeza dagaa, na Kigoma hakuna anayefundishwa kula dagaa wala mgebuka. Njaa ya mbio inatosha kulipwa jikoni kwako. Inayolipwa kibandani ni njaa nyingine, ya kukaa na watu, nayo siidharau, ila uiandike kwa jina lake.

Vinywaji vya rangi vya kwenye makopo usivinunue. Mbio za chini ya saa moja zinataka maji tu. Siku ya mbio ndefu, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ya Uvinza inafaa, na haijawahi kutangazwa na mwanariadha yeyote.

Halafu kuna michango. Klabu ni watu, na watu wana misiba na harusi. Kuna fulana ya bonanza ambayo si ile ya klabu, kuna ugeni wa klabu jirani unaotaka mchele na mbuzi, na kuna bando la kusomea kundi la WhatsApp lenye picha mia moja za watu walewale wamenyoosha kidole gumba. Sikuambii utoke. Mtu akianguka barabarani, anayempeleka nyumbani ni mwanaklabu. Ila mtafute mweka hazina wenu mpitie pamoja ulichotoa tangu Januari. Nadhani utakaa kimya kidogo.

Kisigino ndicho kimenifanya nikuandikie kwa kirefu. Maumivu yanayochoma hatua za kwanza asubuhi, yakapungua ukitembea, yakarudi ukikaa muda mrefu kisha ukasimama, mara nyingi ni utando mgumu ulio chini ya unyayo, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino kwenda vidoleni. Umevutwa kupita kiasi pale unapoanzia. Sijakuona, kwa hiyo mtu akushike mguu kabla ya kuamini barua yangu, hasa kama maumivu yanakuamsha usiku au kisigino kimevimba.

Kilichouvuta sidhani kama ni mtumba peke yake. Miezi minane iliyopita ulikuwa mtu wa kukaa na bia, leo unakimbia kilomita 40, tena katika mji wa vilima, ambao ukishuka ziwani lazima upande kurudi. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki sita pumzi ilikuwa haikukatiki tena, ukaongeza. Kano na mifupa huchukua miezi. Katikati hapo ndipo wateja wangu wengi wanapopatikana: pumzi imefika, mguu bado uko njiani.

Nami niliwahi kuwa mteja. Nikiwa Tabora nilikuwa najiandaa na mbio za kilomita 21, nikaongeza safari zangu za njia ya Kipalapala kutoka mara tatu kwa wiki hadi sita, kwa sababu nilijisikia vizuri. Ugoko ukaanza kuuma sehemu moja, unaweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Ningemwambia mgonjwa yeyote apumzike siku hiyohiyo. Mimi nilichua, nikameza vidonge, nikaendelea siku kumi na moja zaidi. Mfupa ulikuwa na ufa. Wiki kumi sikukimbia, na wiki za mwanzo hata kutembea kwenda kazini sikuweza, nikawa mtu wa bodaboda asubuhi na jioni. Nauli zile peke yake zilizidi bei ya raba nilizokuwa nimezionea uchungu kuzibadilisha. Mke wangu alibeba ndoo za maji na mtoto, na hakusema neno, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko angesema.

Kwa hiyo chukua daftari, uandike kila ulichokwishatoa kwa ajili ya hicho kisigino. Dawa ya kuchua, nakisia. Mchuaji wa mtaani, pengine mara mbili tatu. Soli ya ndani uliyoambiwa inatibu. Na vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Diklofenaki na ndugu zake, ukivimeza ili uweze kukimbia, vinakuzimia kengele na kuuacha moto unawaka. Zaidi ya hapo, mwili uliopungukiwa maji kwa jasho ukichanganywa na dawa hizo unaweza kuumiza figo, na tumbo nalo lina vidonda vyake. Usimeze kidonge ili ukimbie. Kama bila kidonge huwezi kukimbia, siku hiyo hukimbii.

Tiba yenyewe ni rahisi kwa bei na ngumu kwa subira. Kabla ya kushuka kitandani, pitisha khanga chini ya vidole, vuta mguu uje kwako, hesabu hadi thelathini, mara tatu. Gandisha maji kwenye chupa ndogo ya plastiki uiviringishe chini ya unyayo jioni, dakika kumi. Simama kwenye ngazi kwa vidole, weka khanga iliyokunjwa chini ya vidole ili viinuke kidogo, inua visigino polepole, vishushe polepole, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Usitembee peku kwenye sakafu ya saruji. Mbio zisimame wiki tatu, kisha urudi na kilomita 12 au 15 kwa wiki, kwenye tambarare, ukipanda kidogo kidogo. Inaweza kuchukua miezi. Wenzako watakutajia John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Mzee yule namheshimu sana. Lakini yeye alikuwa Olimpiki, na wewe uko kwenye mazoezi ya Jumanne.

Hiyo saa kumi na moja alfajiri nayo ina bili yake. Saa zetu zote Tanzania ni zilezile, lakini jua halisomi saa. Kigoma iko magharibi kabisa, jua linachomoza karibu dakika arobaini baada ya Dar es Salaam. Anayekushauri kutoka Dar kwamba saa kumi na mbili kumekucha hajui kwamba huku miezi mingi wakati huo bado ni giza. Ukitoka saa kumi na moja unakimbia usiku, mwalimu. Unakimbia na bodaboda zisizo na taa, na mbwa waliofunguliwa, na mbu anayeambukiza malaria ambaye kazi yake ni usiku hadi karibu na mapambazuko. Siwezi kuapa kwamba mbu wale wawili walikupata barabarani na si sebuleni kwako. Naweza kusema kwamba ulipokuwa ukitoka na bukta na fulana isiyo na mikono, ukisimama kunyoosha viungo kando ya mtaro, uliwarahisishia. Kipimo, dawa, siku za kitandani, mara mbili: hizo usiziweke zote kwenye hesabu ya mbio, weka hata robo.

Malaria ikishakupata, usikimbie mpaka umalize dozi na upate wiki moja nzuri juu yake. Na kuna faida ya kukaa magharibi ambayo hamuitumii: jioni mna mwanga mpaka karibu saa moja. Saa kumi na moja na nusu jioni jua limelegea, barabara inaonekana, na ukikimbia upande wa kulia unayaona magari yanayokuja badala ya kuyasikia kwa nyuma. Hamishia mbio zako za siku za kazi huko. Utaokoa tochi pia, na betri zake.

Saa ya kupima mapigo ya moyo sijui kama umeinunua. Kama hujainunua, usiinunue. Ukiweza kuongea sentensi nzima huku unakimbia, mwendo ni sahihi, ukishindwa, punguza.

Moshi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ada ya usajili ndiyo mnayoizungumza kundini kwa sababu ndiyo inayojulikana, na ndiyo ndogo kuliko zote. Kutoka Kigoma hadi Moshi ni kuvuka nchi. Kwa basi andaa siku mbili za kwenda na mbili za kurudi ukijumlisha mapumziko, chakula cha njiani, malazi wakati ambao mji umejaa wageni na bei zimepanda, na ruhusa ya kazini. Hesabu nauli mara mbili, vitanda vya siku tatu au nne, milo ya wiki. Ukimaliza, gawanya kwa kilomita utakazokimbia, uone kilomita moja ya Moshi inanunua kilo ngapi za unga. Na mguu? Kutoka sasa hadi mwishoni mwa Februari ni miezi mitano na kidogo. Wiki tatu za kusimama, miezi miwili mitatu ya kurudi taratibu, halafu unataka kupandisha umbali kwa haraka kwa ajili ya njia ambayo inapanda kuelekea mlimani. Huo ndio mwendo uleule ulionipasua ugoko.

Usiende mwaka ujao. Wenzako wakienda, wasindikize stendi, uwachangie maji. Wewe anza kibubu cha mwaka unaofuata, weka humo ile 6,000 ya supu kwa Jumamosi mbili kati ya kila nne, na mwezi wa pili mkiwa wawili watatu mliobaki, kimbieni kilomita zenu kumi kutoka Mwanga kuelekea Ujiji, mrudi nyumbani mkanywe uji.

Umeuliza uendelee au uache. Endelea. Hata ukiweka supu, michango, kisigino na robo ya malaria, sidhani kama unafika kwenye bia zako za zamani, na mwili uliouacha mwezi wa kwanza nisingependa uurudie. Daftari litashuka lenyewe ukibadilisha muda wa kukimbia na ukipunguza kibanda.

Sasa salamu. Umeniandikia gharama mbili kwa tarakimu, raba na fulana. Kwaya ya mkeo umeiweka kwenye mstari wa salamu, kana kwamba ni habari za hali ya hewa. Mbio zenu za Jumamosi zinaanza saa kumi na mbili, mkishamaliza supu na mazungumzo unafika nyumbani saa tano, unaoga, unalala kidogo. Hiyo ndiyo asubuhi yake aliyokuwa nayo kwa wiki. Na katika siku nyingine, nani anawaandaa watoto kwenda shule wewe ukiwa bado njia ya Ujiji? Yeye hajakudai, ameleta daftari la pesa kwa sababu pesa ndiyo lugha uliyoizungumza wewe ulipoanza, uliposema mchezo huu ni wa bure.

Kisigino kinataka wiki tatu za mapumziko, kwa hiyo Jumamosi tatu zijazo hukimbii hata hivyo. Mwambie leo, kabla hajasikia kwa mwingine, kwamba Jumamosi asubuhi utakuwa na watoto. Mazoezi ya kwaya yanaanza saa ngapi, muulize yeye.